Bwana Desmond Yapp Anastaafu, na Wosia wa Jeremiah Godsall Umepatikana

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 1997, Bwana Desmond Yapp atafunga droo yake ya penseli kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Hifadhi ya Nyaraka ya kaunti yetu kwa miaka thelathini na tisa kasoro miezi miwili. Nilitaka kuandika arobaini, ili isomeke vizuri kwenye programu ya sherehe. Alinirudishia karatasi ikiwa imesahihishwa.

Alikuja kwetu Septemba 1958, kijana mrefu mwenye sweta ya kahawia aliyofumiwa na mama yake. Mama alishatangulia mbele ya haki, lakini sweta bado ipo, na wageni wengi hudhani ni mali ya Hifadhi. Siku hizo tulikuwa kwenye jengo la jela ya zamani, na wasomaji walisomea kwenye seli. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha jiko la makaa bila kuunguza karne ya kumi na saba. Hakuiunguza. Akapanda kutoka karani msaidizi hadi mkuu wa chumba cha wasomaji, na cheo hicho amekilinda kwa ukali dhidi ya kila aliyetaka kumpandisha ghorofani, kwenye mazulia na mikutano.

Wakongwe wenzangu wanakumbuka mwaka mto ulipofurika ukaingia ndani. Bwana Yapp aliazima mkokoteni wa muuza mboga akaanza kuokoa masanduku, parokia moja baada ya nyingine. Mkurugenzi wa wakati huo, aliyekuwa amesimama juu ya meza yake akisubiri msaada, aliokolewa mwishoni kabisa. Alipolalamika, Bwana Yapp alimweleza kwa heshima zote kwamba mkurugenzi hukauka mwenyewe. Wakaendelea kufanya kazi pamoja kwa miaka mingi, bila kuongea sana.

Kila aliyekanyaga chumba chetu cha wasomaji anajua sheria zake. Kalamu ya wino haiingii. Pipi haziingii. Kikohozi kinaruhusiwa, ila kisizidi. Aliwahi kumnyang'anya kanoni mmoja, kasisi wa kanisa kuu, kalamu yenye ncha ya dhahabu, akampa penseli iliyotafunwa, na kanoni akasema asante. Sheria kubwa kuliko zote ni ile ya siri: anachokitafuta msomaji ni chake mwenyewe, na wa meza ya pili hana haki ya kukijua. Ukimwuliza Bwana Yapp nani alikuja jana, atakueleza hali ya hewa ilivyokuwa.

Lakini sifa yake imevuka mipaka ya kaunti kwa jambo moja, nalo ni wosia. Zamani, kabla serikali haijaichukua kazi hiyo, wosia ulithibitishwa na mahakama za Kanisa, na mahakama hizo zilikuwa nyingi na zenye wivu kama kuku jikoni. Mtu alifia kwenye parokia moja, kondoo wake walilisha kwenye nyingine, na karatasi zake zikaishia kwa askofu wa tatu. Wajukuu wa vitukuu wakija kwetu wamekata tamaa, Bwana Yapp hufumba macho kidogo, kisha huwaambia mahali pa kutafuta. Na kila mmoja, awe profesa au mkulima, hupewa mahubiri yaleyale: "Usiiamini faharasa. Fungua bunda uone kilichomo."

Nayataja mahubiri hayo kwa sababu maalumu, na mwenyewe anaijua. Bi. Winifred Godsall ameniruhusu kuisimulia habari hii yote, tena amesema nisimpunguzie Bwana Yapp hata kidogo.

Bi. Winifred ni nesi mstaafu wa kijiji cha Stoke Averil. Kwa miaka kumi na moja alikuja kwetu siku za Jumanne kuutafuta wosia wa babu wa mababu zake, Jeremiah Godsall, mkulima wa matufaha aliyefariki mwaka 1743. Bwana Clement Godsall, binamu yake wa mbali, mkulima wa kijiji hichohicho, alikuja siku za Alhamisi kutafuta wosia huohuo. Hawakuwa wakisemezana. Clement alitoka ukoo wa James, mtoto mkubwa wa Jeremiah, na alikuwa na bustani ya matufaha. Winifred alitoka ukoo wa Abel, mtoto mdogo, na uani kwake kulikuwa na kinu kikubwa cha mawe cha kupondea matufaha, ambamo alikuwa amepanda maua. Clement alifundishwa tangu utotoni kwamba kina Abel waliiba kinu. Winifred alifundishwa tangu utotoni kwamba kina James waliiba bustani. Kila mmoja aliamini wosia upo, na kwamba siku ukipatikana, mwenzake atainamisha kichwa kanisani mbele ya watu wote.

Bwana Yapp alitafuta kwenye mahakama ya askofu, hakuna. Alitafuta kwa shemasi mkuu, hakuna. Alimpeleka mkewe, Bi. Beryl, London kwa ajili ya maadhimisho ya ndoa yao, kisha akamwacha mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho na kwenda kusoma filamu zenye picha za nyaraka za mahakama kuu ya Kanisa ya Canterbury. Hakuna. Bi. Beryl anasema onyesho lilikuwa zuri sana, na aliyekaa kiti cha pembeni yake alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye mazungumzo matamu.

"Alikufa bila kuacha wosia," Bwana Yapp aliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa siku yake. "Faharasa inasema wazi."

"Bibi yangu alisema upo," Winifred akajibu.

"Bibi yangu alisema upo," Clement naye akajibu, siku mbili baadaye, kwa ukaidi uleule na kidevu kilekile.

Mapema mwaka 1995 Clement alianza kushikilia ukuta akitembea. Siku moja kwenye korido alimwambia Bwana Yapp ukweli. "Daktari amenipa mwaka, labda mmoja na nusu. Usimwambie mtu. Na hasa yule usimwambie." Clement hakuwa na mke wala mtoto. Katika dunia nzima, ndugu yake pekee aliyebaki alikuwa huyo huyo wa Jumanne, nesi, anayekaa mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake. Bwana Yapp alikuwa na dawa mkononi na sheria yake mwenyewe imemfunga mdomo. Mimi mwenyewe sikujua neno wakati ule. Niliona tu kwamba mzee amekuwa mkali, na sandwichi zake za jibini na vitunguu vya siki zinarudi nyumbani nzima.

Kisha kukatokea kisa cha kiti. Wiki moja Clement alikuja Jumatatu, kwa kuwa Alhamisi alitakiwa hospitali. Kesho yake Winifred aliliona jina lake kwenye kitabu cha wageni, meza ya nne, na meza ya nne ndiyo aliyopangiwa yeye.

"Kiti hicho sikalii," akasema.

"Bi. Godsall, ni kiti tu."

"Clement amekikalia. Bora nisimame."

Na kweli alisimama, mwanamke mwenye miaka sabini na miguu ya nesi, akasoma rejista za parokia hadi saa ya chakula cha mchana. Bwana Yapp alimtazama muda mrefu. Halafu akaniinamia sikioni, "Rosalind, kama leo hata kiti hakikaliki, wale ndugu wawili wenyewe hali ilikuwaje?" Akashuka chini kwenye mabunda ya waliokufa bila wosia, mabunda ambayo hakuna anayeyafungua kwa sababu yameganda kwa unyevu na yanachafua nguo.

Nilipomfuata nilimkuta ameketi kwenye ngazi. Jeremiah Godsall alikuwa ameacha wosia, umekamilika, una mashahidi na muhuri. Aliwataja wanawe wawili, James na Abel, wautekeleze pamoja. Wana hao wakafika mbele ya mahakama wakakataa wote wawili, kila mmoja akidai kwamba hawezi kukaa meza moja na mwenziwe. Mahakama ikamkabidhi mirathi mjane, Susannah, ikaushonea wosia nyuma ya karatasi zake, na bunda zima likawekwa pamoja na ya wale ambao hawakuandika chochote. Kwa nje palisomeka jina la Susannah na la marehemu mumewe, basi. Kijana fulani, alipotengeneza faharasa mwaka 1960, alisoma kwa nje tu na kuandika: hakuacha wosia. Kijana huyo alikuwa na sweta ya kahawia.

"Ni mimi," Bwana Yapp akasema. "Miaka yote hii nawakatalia, kumbe ni mimi."

Mganga hajigangi. Alipanda juu, akatoa kadi ile ya faharasa, akaisahihisha kwa penseli, akatia sahihi na tarehe ili vizazi vijavyo vijue wa kumlaumu. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo anakana kwamba alilikusudia. Shajara yake ya wasomaji haijawahi kuwa na kosa, lakini wiki iliyofuata, Jumatano saa nne, Winifred na Clement walijikuta wamepangiwa meza moja.

"Nimechanganya tarehe," alisema, akiwa na uso mkavu kama mkate wa juzi. "Na waraka ni mmoja, haugawanyiki. Mtavumilia."

Waswahili, ambao niliishi nao miaka sita nikifundisha Tanga, husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Bwana Yapp hakuchukua jembe. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo cha mashine za filamu, akafunga mlango, na kuwasomea. Mimi nilikuwa ndani nikijifanya natengeneza taa.

Jeremiah alisema bustani yake ya matufaha anampa James. Kinu, na kibanda chake, anampa Abel. Na sababu aliieleza: ili asiwepo kati yao atakayekunywa bila mwenziwe. Kisha Bwana Yapp akasoma ile karatasi ya kukataa, yenye sahihi ya James juu kabisa na ya Abel chini kabisa, kana kwamba hata wino wao haukutaka kugusana.

Clement ndiye aliyeanza.

"Kumbe hakuna aliyeiba."

"Hakuna," Winifred akasema. "Walikuwa punda tu."

"Wa kwenu zaidi."

"Wa kwenu ndiye aliyetangulia kutia sahihi, macho huna?"

Clement alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Winifred aligeuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamtazama usoni. Akamshika kifundo cha mkono bila kuomba ruhusa.

"Rangi hiyo unayo tangu lini?"

Clement akamgeukia Bwana Yapp kwa hasira. "Umemwambia!"

"Sijasema neno, bwana."

"Hakuwa na haja," Winifred akasema. "Nimekuwa nesi tangu wewe unavaa kaptula. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana. Inuka, twende zetu."

Na wakaenda. Nilimwona Bwana Yapp akifuta miwani yake kwa sweta, jambo analowakataza wengine kwa sababu linakwaruza vioo.

Winifred aling'oa maua kwenye kinu. Mwaka ule na mwaka uliofuata walivuna matufaha na kuyaponda wenyewe, Clement akiwa amekaa kwenye kiti cha bustani akitoa amri, na Winifred akizikataa zote. Kileo walichokipata kilikuwa kibaya mno. Bwana Yapp alipelekewa chupa mbili akazimaliza, na mimi nilionja kijiko kimoja, kinachonitosha maisha.

Februari mwaka huu Clement alifariki, nyumbani kwa Winifred, akiwa amekula. Wiki chache baadaye Winifred alikuja kwetu, Alhamisi, akiwa na bahasha ya wakili. Clement alikuwa ameandika wosia na kumtaja yeye kuwa mtekelezaji. Aliogopa. Kulikuwa na shamba, na kodi, na karatasi asizozielewa, na majonzi juu yake. Bwana Yapp alimwekea kiti, akamweleza taratibu kila hatua, na kwa kuwa ni mtu wa haki, akamweleza pia kwamba sheria inamruhusu kukataa. Ni sahihi moja tu, kazi ya dakika.

Winifred aliitazama bahasha. "Sisi tulishakataa mara moja, Bwana Yapp," akasema. "Chukua hiyo penseli uniandikie pa kuanzia."

Wosia wa Clement Godsall ulithibitishwa mwezi uliopita, na mtekelezaji wake ni Winifred Godsall.

Bwana Yapp, wapo watakaokusifu Ijumaa kwa masanduku uliyoyaokoa na faharasa ulizozitengeneza, na wana haki, isipokuwa ile moja. Mimi nakushukuru kwa Jumatano ile. Umetufundisha kwamba wafu tunaowatunza wana jamaa, na jamaa hao wanaweza kuwa wagonjwa, wapweke na wakaidi, na wanastahili subira yetu kama karatasi zao. Tutakukosa sana, na hilo nalisema bila utani. Wewe na Bi. Beryl tunawaombea afya, amani na miaka mingi ya kupumzika. Na ukimpeleka London tena, tafadhali, ingia naye ndani mkaone onyesho pamoja.

Rosalind Preece, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa chumba cha wasomaji