Alivuta Breki au Hakuvuta

Kuna watu wakipatwa na msiba hulia, na kuna wanaume wa benchi la Lisbet, ambao wakipatwa na msiba huanza kupiga mahesabu. Benchi lenyewe limeegemea kibanda ambamo Lisbet anauza kahawa, nyuma ya bustani ya michezo, katika mji mmoja wa pwani ya Denmark, na ukikaa pale unauona Mlima mzima: reli ya mbao inayopanda na kushuka vilima, na treni ya watu kujifurahisha ambayo breki yake ni mtu. Mtu huyo hukaa katikati ya mabehewa, mkono kwenye nondo, na kila kilele anaamua yeye treni ipite kwa kasi gani. Tangu Jumapili Mlima umezungushiwa utepe wa polisi, kwa sababu binti mmoja, Rikke, alirushwa nje kwenye kilele cha tatu, akafa hapo hapo. Mshika breki wa siku ile alikuwa Torkild. Asubuhi hii alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hajanywa hata funda moja. Kesho anaitwa na wachunguzi, na akionekana ana kosa, ni jela.

Benchi lilikuwa limeapa kumwokoa.

— Kosa ni la baridi, alianza Grisi. Jina lake Ejnar, ila alizipaka reli zile grisi mpaka akastaafu, na jina la kuzaliwa likamtoroka. — Asubuhi grisi imeganda, treni inajikokota kama mgonjwa, vijana wakaongeza grisi. Mchana jua hilo! Grisi ikayeyuka, reli ikawa sabuni.

— Hapo umenena, akadakia Profesa, fundi baiskeli Preben, anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. — Sasa ongeza uzito. Wale wapiga tarumbeta wa bendi ya bustani walipanda wote, wanaume na vitambi vyao. Treni nzito haichoki upesi. Inafika kileleni bado ina hasira. Behewa linainama lishuke, mwili wako bado unataka kwenda juu. Makalio na kiti vinaagana.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini tena, Grisi?

— Cha vitambi!

Wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka wanachekea nini, wakainamia vikombe vyao. Torkild hakucheka. Alikuwa akiwaza kitambi kimoja tu, cha yule mpiga tarumbeta aliyeketi na Rikke. Kiti cha watu wawili kina chuma kimoja cha kuzuia mapaja. Chuma kiligota kwenye tumbo la jamaa, na kwa binti mwembamba kikabaki kinaelea hewani. Torkild alikiona kabla treni haijaondoka.

— Nyie mnahangaika na grisi, na mwezi je? Huyo ni Kapteni, ambaye baharini alikuwa mpishi wa kivuko. — Jumapili mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi unavuta bahari nzima na samaki wake, utashindwa kumvuta mtoto wa watu mwembamba vile?

— Mchana, Kapteni?

— Kwani mchana mwezi unakwenda wapi? Umelala?

— Acha mwezi, bwana wee. Dunia! Profesa alishainuka, kahawa inamwagikia kiatu. — Dunia inazunguka kwenda mashariki, na kilele cha tatu kinatazama mashariki. Jumlisha mwendo wa dunia na mwendo wa treni, unapata nini?

— Unapata wazimu, Lisbet akasema dirishani.

— Na mimi nasema, akarudi Kapteni, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pale pameandikwa, kaa chini, shika chuma.

— Mtoto kavunjika shingo, wewe unaleta guu! Lisbet alikipiga kitambaa dirishani. — Koma kabisa! Ukirudia hayo, kahawa yako utainywea kwako.

Kapteni akakoma. Grisi akasogea karibu na Torkild, akamwekea mkono begani.

— Sikiliza, mdogo wangu. Kesho wewe sema breki ililowa. Alfajiri ile mvua ilinyesha, nani asiyejua? Mbao zikilowa breki hazishiki. Umevuta, umevuta, imekataa. Sisi tutasimama mashahidi, watatu.

— Umoja ni nguvu, akasema Profesa.

Torkild alimwangalia kila mmoja usoni. Mvua ilikatika kabla watu hawajanywa chai, na hadi saa nane mbao zilikuwa kavu kabisa. Na hawa watatu wanajua. Ila Jumapili ilikuwa siku ya kufunga msimu, na siku hiyo, kwenye safari ya mwisho, mshika breki huachia kilele cha tatu, treni iruke watu wapige mayowe. Hakuna bosi aliyeiandika sheria hiyo. Wazee wa benchi hili huja kusimama chini ya kilele, wanapiga kelele waachiwe, na anayevuta breki siku ile ataitwa bibi mpaka majira ya kuchipua. Torkild aliitwa hivyo mwaka juzi. Moyo ulimuuma, na mwaka huu aliogopa kuitwa tena. Kwa hofu ya jina tu, jamani.

Akafungua mdomo ajibu, lakini mtu mwenye koti la mvua alikuwa amesimama mbele yao.

— Samahani, ndugu zangu. Naona mnaufahamu huu Mlima.

— Tumezeeka nao huu! akasema Profesa, akampisha nafasi. — Uliza, mzee, uliza chochote.

— Mimi ni baba yake Rikke.

Hakuna aliyempa mkono. Nafasi aliyopishwa ikabaki tupu.

— Polisi wananipa mahesabu, akasema baba. Kasi, mteremko, uzito. Mimi nauza maua, hayo siyawezi. Nataka kitu kimoja tu nikamwambie mke wangu. Huyo mshika breki, alivuta au hakuvuta?

Grisi alikohoa.

— Unajua, mzee, kuna hili suala la grisi...

— Sikuuliza grisi.

— Na mbao zikilowa, akajaribu Profesa, huku akimkanyaga Torkild mguu.

Torkild aliuvuta mguu wake. Akakiweka kikombe chini.

— Mshika breki ni mimi, mzee wangu. Sikuvuta.

— Ilikataa?

— Haikukataa. Ilikuwa kavu. Na chuma chake nilikiona hakijambana, nikasema moyoni, ah, ni safari moja. Watu walikuwa wanapiga kelele niachie. Nikaachia.

Baba alifumba macho, akayafumbua. Lisbet alikuwa analia waziwazi, hajifichi.

— Watu gani?

Torkild alikuwa ameshasema la kwake, na lile lililobaki halikuwa lake. Profesa akalifunua gazeti. Grisi akatazama baharini. Kapteni akakoroga kahawa ambayo ilikuwa imekwisha.

— Watu gani? baba yake Rikke akauliza tena, na safari hii hakuwa anamwangalia Torkild.