Albamu ya Ondiek Iliuza Ngapi

WINNY: Haloo? Nani huyu anapumua tu bila kusema?

ONDIEK: Ni babako. Nilikuwa napanda kwa kilima nipate netiwaki.

WINNY: Baba, habari ya huko Katito?

ONDIEK: Tuko tu. Sasa wewe ndiye uliweka albamu yangu kwa intaneti. Niambie imeuza ngapi. Wazee wamejaa hapa kwangu, mbuzi iko kwa moto.

WINNY: Mbuzi ya nini?

ONDIEK: Ya kusherehekea. Si ulisema elfu arobaini na tano?

WINNY: Nilisema ngoma zimechezwa mara hizo. Hiyo si kuuza.

ONDIEK: Mtu akisikiza, si amenunua—

WINNY: Hiyo ilikuwa wakati wa kaseti. Siku hizi lazima zichezwe mara elfu moja na mia tano, ndio wahesabu albamu moja.

ONDIEK: Moja.

WINNY: Moja.

ONDIEK: Kwa hivyo mimi nimeuza—

WINNY: Thelathini.

ONDIEK: Winny, kwa matanga ya Odongo pekee niliuza kaseti mia mbili. Na marehemu hata hakunipenda.

WINNY: Najua, Baba, lakini—

ONDIEK: Mtu alikuwa ananunua kaseti, anaiweka chini ya mguu wa meza isitingishike, na bado imeuzwa. Hakuna mtu alimfuata nyumbani kuuliza ameicheza mara ngapi.

WINNY: Siku hizi wanamfuata.

ONDIEK: Huo ni umbea.

WINNY: Na hata si thelathini. Wametoa zingine. Wanasema kuna simu tatu zilicheza wimbo mmoja usiku kucha, miezi miwili, bila kupumzika.

ONDIEK: Netiwaki inakwaruza, sikusikii—

WINNY: Baba.

ONDIEK: Zilikuwa kwa nyumba ya kuku. Kuku walikuwa wanasikiza.

WINNY: Basi kuku hawahesabiwi. Zimebaki kumi na moja.

ONDIEK: Hizo kumi na moja ni binadamu?

WINNY: Binadamu. Na karibu zote ni ule wimbo wa sita.

ONDIEK: Wa sita? Ule nilitunga mamako alipohama? Huo sijawahi kuimba mbele ya watu.

WINNY: Ndio huo. Kuna kibanda cha samaki hapa Dunga wanaucheza kutoka asubuhi. Wateja wanauliza ni nani anaimba, halafu wanautafuta kwa simu zao.

ONDIEK: Kibanda cha nani?

WINNY: Kwani unajua mtu mwingine anakaanga samaki Dunga?

ONDIEK: [kimya]

WINNY: Haloo? Uko?

ONDIEK: Niko. Mamako Milka mwenyewe alikuambia?

WINNY: Hakuniambia. Nilipitia kwake nikausikia. Aliponiona nimesimama, akapunguza sauti.

ONDIEK: Akazima?

WINNY: Hakuzima. Alipunguza.

ONDIEK: Akasema nini?

WINNY: Eti gitaa inameza maneno.

ONDIEK: Huyo mama hajui gitaa. Tumekaa naye miaka yote hiyo na bado hajui gitaa. Hakusema kitu ingine?

WINNY: Aliuliza kama bado unakohoa.

ONDIEK: Ukamwambia?

WINNY: Nilimwambia akupigie akuulize.

ONDIEK: Hajapiga.

WINNY: Hata wewe hujampigia.

ONDIEK: [anakohoa] Wewe mtoto una mdomo.

WINNY: Na hao wazee utawaambia nini?

ONDIEK: Nitawaambia imeuza. Wakule, waende kwao. Anafunga saa ngapi?

WINNY: Samaki wakiisha. Baba, unakuja?

ONDIEK: Nakuja kuangalia hiyo redio yake. Pengine spika ndio mbaya, halafu analaumu gitaa.

WINNY: Sawa. Spika.

ONDIEK: Usimwambie nakuja. Ama mwambie. Ngoja, hii simu inalia, kredo inaisha—

WINNY: Nimwambie ama nisimwambie?

ONDIEK: Mwambie aniwekee samaki moja kando, ngege, ile kubwa. Na huo wimbo auongeze sau—

[Simu inakatika.]