Kundi la Pembeni

"Mama, nikuunge kwa kundi letu la WhatsApp?" Rosebella alimuuliza jirani yake wa kiti, gari likitoka mjini Eldoret kwenda Yamumbi. "Tuko watu wa vyama vyote. Tunajadili siasa, na miezi mitatu hakuna tusi."

Nyaguthii, mwenye duka huko Yamumbi, aliirudisha simu yake mkobani. Hakuwa na haraka ya kujibu; simba mwenda pole ndiye mla nyama.

"Miezi mitatu? Hata kwaya yetu ya kanisa haiwezi."

"Sisi tunaheshimiana, Mama."

"Mwaka wa kura tulikuwa na kundi kama hilo. Tukitumiana maua na amina. Kumbe kila upande ulikuwa na kundi lake la pembeni, na huko ndiko duka langu lilikotajwa kuwa la kuchomwa, mpaka rangi ya mlango."

"Pole. Lakini njoo uwaambie hayo. Watakusikia."

"Nitakuja. Kwanza niambie, nyinyi wa upande wenu mna kundi la pembeni?"

Rosebella alicheka, kicheko kifupi. "Huko ni utani tu, Mama."

"Basi niunge huko. Mimi napenda utani."

Rosebella aligeukia dirisha. Gari lilisimama Yamumbi, na Rosebella hakuwa ameomba namba yake.