Imeuliza Urefu Mara Mbili

Benchi letu liko pale ukuta wa duka la vipuri unapopinda, mbao mbili juu ya matofali, na mwenye birika ni mimi. Wote huniita Shemeji ingawa hakuna hata mmoja aliyeoa kwetu. Kazi yangu ni kumimina kahawa na kuvumilia. Kuna Volti, fundi redio, ambaye kwake kila tatizo duniani lina waya uliokatika mahali. Kuna Kamusi, karani mstaafu wa posta, mwenye methali kwa kila jambo na kila methali mahali pasipo pake. Na kuna Ndiyo Bosi. Huyu aliendesha gari la ofisi miaka thelathini na moja: bosi kiti cha nyuma anasema kushoto, yeye anajibu ndiyo bosi, anakata kushoto. Alistaafu, jina likabaki. Mwaka mzima uliopita alikuwa akigeuza basi dogo la shule, lililokuwa limekufa, kuwa nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia. Sisi tunaliita Chumba na Sebule. Asubuhi hiyo lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi, limeoshwa mpaka matairi, na mwenyewe amekaa katikati yetu na tableti ya kuonyesha njia mapajani, hata kahawa hajagusa.

Volti: Leo imesemaje?

Ndiyo Bosi: Hakuna njia.

Volti: Hata moja?

Ndiyo Bosi: "Hakuna njia inayofaa gari lako." Siku ya tatu hii. Naiuliza kwa upole, inanijibu kwa upole, hakuna njia.

Kamusi: Kwanza tusahihishane. Hicho kinaitwa kishikwambi.

Volti: Kishikwambi kilichogoma na tableti iliyogoma vina tofauti gani?

Kamusi: Heshima.

Ningewaacha waendelee hivyo mpaka jioni, lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mke wa Ndiyo Bosi ni fundi cherehani, mlango wa tatu kutoka hapa. Mgongo wake umeliwa na kuinama. Akikaa saa moja hanyanyuki bila kushikwa mkono, na siku hizi hata vitambaa anakata amesimama. Basi la abiria haliwezi. Na dada yake mkubwa, yule aliyemlea mama yao alipofariki, yuko mji wa mbali upande wa magharibi, na macho yanamzimika. Daktari amemwambia mwaka hautakwisha akiwa anaona. Hawajaonana miaka kumi na tisa. Ndiyo sababu ya kitanda ndani ya basi. Mume alipiga misumari mwaka mzima ili mke asafiri amelala, afike, aonwe.

Mimi: Si uende tu? Barabara iko pale, magharibi ni kule jua linakozama.

Ndiyo Bosi: Binti yangu ndiye aliyenitumia hiki kitu. Akanisisitizia, baba, gari kubwa halipiti kila mahali, usitoke mpaka ikuonyeshe njia. Halafu, Shemeji, mimi sijawahi kuuliza njia. Njia ilikuwa inatoka kiti cha nyuma.

Volti: Na karibu je? Umejaribu karibu?

Ndiyo Bosi: Sokoni inakubali. Hospitali inakubali. Kituo cha mafuta inakubali, mpaka inaniambia niweke indiketa. Nikitaja tu nje ya mji, hakuna njia.

Volti alivuta pumzi na kujiweka sawa. Tunamjua. Hapo ujue nadharia inakuja.

Volti: Ni joto. Setilaiti iko juu, jua liko juu, vinapishana. Mawimbi yanaungua kabla hayajashuka.

Ndiyo Bosi: Saa mbili asubuhi?

Volti: Saa mbili kwetu. Huko juu ni saa ngapi, unajua?

Ndiyo Bosi hakujua. Hata mimi sikujua, nikamwongezea Volti kahawa, jambo ambalo lilikuwa kosa.

Kamusi: Wahenga walishalimaliza hili. Njia ya mwongo ni fupi. Wewe ni mwongo?

Ndiyo Bosi: Hapana.

Kamusi: Basi njia yako ni ndefu. Ndefu mpaka haienei kwenye kioo. Ingekuwa mimi ningesema uongo kidogo, itokee nusu.

Mimi: Kunywa kahawa, Kamusi.

Volti: Subiri. Uliiambia gari lako ni la aina gani?

Ndiyo Bosi: Palikuwa na picha za kuchagua. Nikachagua ile ya nyumba yenye magurudumu.

Volti: Haya, nimeshaipata. Umeiambia ni nyumba. Nyumba haiendi mahali, nyumba inaendewa. Ukiiomba ikupeleke safari inashangaa: huyu yuko kwake, kajifunika, anatafuta nini tena?

Kamusi: Ndiyo maana ya mgeni njoo mwenyeji apone.

Ndiyo Bosi: Hiyo inaingiaje hapa?

Kamusi: Mgeni ndiye anayekuja. Mwenyeji anapona kwa kutulia. Methali imenyooka.

Volti: Na sauti yake? Ya mwanamume au ya mwanamke?

Ndiyo Bosi: Ya mwanamke. Laini.

Volti: Ukiichaji inalala wapi?

Ndiyo Bosi: Mezani. Kando ya kitanda.

Volti aliweka kikombe chini. Alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa taratibu, na Kamusi naye akatikisa, na nikamwona Ndiyo Bosi, mtu mzima mwenye wajukuu, akiigeuza tableti kioo kiangalie chini.

Volti: Wivu ni kitu kibaya. Ina kamera mbele na nyuma. Imeona umepiga kitanda, imeona anayelala humo ni mkeo. Unategemea ikupe njia?

Kamusi: Mimi naona mnaionea. Kilichotokea ni kwamba mji wa dada wa mkeo umehama.

Ndiyo Bosi: Mji?

Kamusi: Nimefanya kazi posta miaka ishirini na sita. Kuna barua zilikuwa zinarudi zimegongwa muhuri, "mahali hapajulikani". Unadhani mahali pale palikwenda wapi? Palihama. Sisi tulinyamaza tu kwa sababu ya kiapo.

Hapo Ndiyo Bosi alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. Akafuta kioo cha tableti kwa ncha ya shati.

Ndiyo Bosi: Jana dada mtu alipiga simu. Hakuuliza tunakuja lini. Anajua kuwa swali hilo linaniumiza. Aliuliza mapazia ya kwenye gari ni ya rangi gani, basi. Mimi naona nimekosea kuijaza hii kitu mahali fulani.

Mimi: Haya, tuanze mwanzo. Ilikuuliza nini?

Ndiyo Bosi: Iliuliza urefu wa gari. Nikapima bampa hadi bampa, mita saba. Nikaandika saba. Ikauliza upana, nikaandika mbili na robo. Ikauliza urefu wa gari.

Volti: Tena?

Ndiyo Bosi: Tena. Nikaandika saba.

Kamusi: Vizuri sana. Hakimu naye hurudia swali aone kama utageuza maneno.

Ndiyo Bosi: Ndivyo nilivyofikiri. Bosi akikuuliza jambo mara mbili na wewe ukajibu mara mbili tofauti, umekwisha.

Sote tuliliona hilo ni la busara. Nasema sote, na mimi nikiwemo, maana sitaki kujitoa kwenye ujinga niliokaa ndani yake siku tatu.

Hapo ndipo mkewe alipokuja. Alitembea pole pole, mkono mmoja umeshika ubavu wa Chumba na Sebule, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na amevaa gauni la njano. Lakini njano hasa, njano ya kumwamsha mtu. Mama huyu miaka yote namjua kwa kahawia na kijivu. Volti alimpisha kwenye benchi, akakataa kukaa.

Mke: Habari za hapa.

Sisi: Nzuri, mama.

Mke: Baba watoto, nimesikia tangu kule dukani mnabishana. Imeuliza nini?

Ndiyo Bosi: Urefu. Mara mbili.

Mke: Urefu wa nini?

Ndiyo Bosi: Wa gari.

Mke: Mteja akija kwangu akasema anataka urefu huu, namuuliza, urefu wa gauni au urefu wa mkono? Sasa hapo ni urefu wa gari likiwa limelala, au urefu wa gari likiwa limesimama?



Volti: Gari halilali.

Alilisema kwa sauti ndogo sana. Kamusi alikuwa amefumbua mdomo, na nililiona neno likimpanda kooni.

Kamusi: Kimo. Walitakiwa waandike kimo. Wa pili ule ulikuwa kimo.

Mimi: Umekumbuka leo?

Kamusi: Neno halikuulizwa.

Mke alimgeukia mumewe, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

Mke: Kwa hiyo siku tatu unaiambia mashine una nyumba ya mita saba kwenda juu.

Mita saba ni ghorofa mbili. Na mji wetu hautoki mtu upande wowote bila kupita chini ya reli. Kutoka benchini kwetu unaliona daraja moja, pale mwisho wa barabara. Ningekuwa mimi ndiyo tableti, nikaombwa kupitisha ghorofa mbili chini ya lile daraja, ningejibu vilevile, na sidhani kama ningejibu kwa upole.

Mke: Kimo chake ni ngapi, basi?

Ndiyo Bosi amelijenga gari lile kwa mikono yake na hakujua. Volti amefunga taa ya juu ya paa na hakujua. Ikabidi Volti apande kwenye benchi, akapiga teke vikombe viwili, kisha akapanda bampa ya nyuma, na futi ya cherehani ikateremshwa. Ilifika katikati, wakaweka alama kwa chaki ya mama, wakateremsha tena.

Volti: Mita tatu na sentimita tano, pamoja na tangi la maji.

Mke: Andika tatu na kumi. Nguo yoyote inaachiwa nafasi ya mshono.

Ndiyo Bosi aliandika kwa kidole kimoja. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka, na Kamusi akafumba macho. Kisha ile sauti laini ikasema njia imepatikana, safari ni saa tisa na dakika ishirini. Mstari wa bluu ukatoka pale tulipokaa, ukapita chini ya reli, ukaenda zake magharibi.

Volti alipiga makofi. Mimi niliangalia pembeni kwa sababu macho yalikuwa yanataka kuniaibisha. Ndiyo Bosi peke yake hakutikisika.

Ndiyo Bosi: Basi Jumamosi.

Mke: Jumamosi kuna nini?

Ndiyo Bosi: Niangalie matairi.

Mke: Umeyaangalia jana.

Ndiyo Bosi: Na oili.

Mke: Jana.

Ndiyo Bosi alishusha tableti.

Ndiyo Bosi: Naogopa, mama. Miaka yote ile nimekwenda alikotaka mtu mwingine. Tukipotea, amepotea yeye, mimi nilikuwa nimeshika usukani tu. Hii ndiyo safari ya kwanza ninayoitaka mwenyewe. Nikikosea, wewe unabaki na mgongo wako barabarani, na dada yako anabaki na giza lake.

Mke: Nami sijawahi kulala mchana nikipelekwa mahali. Naogopa vilevile. Tutaogopa njiani.

Akafungua mlango wa Chumba na Sebule, akashika upande, akajipandisha ngazi ya kwanza. Kamusi, ambaye hawezi kuacha jambo lipite bila kuligusa, akakohoa.

Kamusi: Lakini mama, samahani, hiyo rangi. Unakwenda kumwona mgonjwa.

Mke: Dada anasema nyekundu imeshapotea. Bluu imeshapotea. Njano bado anaiona. Nimelishona wiki mbili, kwa kusimama.

Akajitazama kifuani, akanyoosha kola kwa vidole, kisha akatuangalia sisi watatu kwa zamu.

Mke: Ninyi mnajua kila kitu. Hebu niambieni. Njano hii inaonekana kutoka hatua ngapi?

Volti, aliyejua saa za huko juu kwenye setilaiti, alitazama viatu vyake. Kamusi hakuwa na methali. Mimi nilishika kikombe, nikakiweka, nikakishika tena. Mtu wa macho mazima atapima kwa macho ya nani?

Mama hakungoja sana. Aliingia, akajilaza taratibu kitandani, akavuta pazia la dirisha la nyuma ili aone tulipo. Ndiyo Bosi akakaa kwenye usukani, akaisimika tableti mbele yake, akawasha. Sauti laini ikamwambia aende moja kwa moja. Safari hii hakusema ndiyo bosi. Alitazama kioo cha ndani mpaka akamwona mkewe, ndipo akaondoa gari.

Tuliinuka wote watatu. Chumba na Sebule ilienda polepole, ikaashiria, ikashika barabara kubwa. Ilipokaribia daraja la reli, nawaambia bila aibu, sote tuliinamisha vichwa. Ikapita. Nafasi ilibaki ya kutosha mtoto kusimama.

Upande wa pili, dirishani, kile kitu cha njano kilikuwa kikipunguka taratibu.

"Bado naiona," Volti alisema.

Gari likapanda kilima, likawa dogo.

"Mimi pia," alisema Kamusi, na alikuwa amevua miwani yake.

Nikakaza macho, nikangoja kidogo ili niwe na hakika, nikawaambia hata mimi.