Bado Kidogo na Planta Yake ya Mistari Minne

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimewahiwa na watu waliokuja kuangalia chakula kimefikia wapi, mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mjane, na ninasoma mimi kwa sababu kaka zake wawili, walioombwa kwanza, wamesema sauti zimewakauka, ingawa tangu asubuhi sote tumewasikia wakigombania nani atabaki na matairi ya planta yake, ile mashine ya kupandia mahindi. Nitasoma kama nilivyoandika, na asiyependa nilichoandika ajue kwamba mjane amekisikia chote jana, na hakufuta neno.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bado Kidogo mbele yake bila aibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mshona nguo, akiwa amechelewa wiki mbili, na mama yake alikuwa akisema kwamba hata tumboni alibaki akikagua kama kila kitu kimekaa sawa. Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976, na mitihani mingi ilimkuta bado anachonga penseli, jambo alilotusimulia uzeeni kwa fahari, kana kwamba penseli iliyochongwa vizuri ni jibu.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la vipuri vya matrekta, akakaa humo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2012, akiwa anaijua kila bolti kwa namba yake na rafu yake, ila hakuna aliyewahi kumwona akiifunga hata moja. Alimuoa dada yangu tarehe 22 Septemba 1984, baada ya uchumba wa miaka mitano, kwa kuwa kila tarehe iliyopangwa alikuta kuna kitu hakijakamilika, mara suti, mara kitanda, na baba yetu alishafika mahali pa kumuuliza kama anaoa au anajenga daraja. Walijaliwa watoto wawili, binti na kijana, ambao namshukuru Mungu hawakumsubiri awe tayari.

Sasa nifike kwenye planta. Mwaka 2013 shamba moja kubwa lilifungwa, vifaa vyake vikapigwa mnada, na shemeji yangu akarudi nyumbani amekaa juu ya lori, ameikumbatia mashine ya kupandia ya mistari minne, iliyotumika mpaka ikachoka, cheni imeota kutu, springi zimelegea, na zile diski pacha zinazofungua mtaro zimelika hadi hazigusani. Alisema, "Mke wangu, jembe limekwisha kazi nyumba hii," na dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akilima, alimwamini.

Msimu ule wa kwanza alipanda, nami lazima niseme alivyopanda. Kila anayeuza vipuri anajua kwamba mbegu hulainishwa kwa unga mkavu, mweusi kama wa penseli, ili ziteleze kwenye visahani vinavyozihesabu, lakini karani wetu wa miaka thelathini na ushei alivipaka visahani grisi, tena kwa ukarimu, mbegu zikagandamana humo kama ubwabwa, na mahindi yakaota matatu hapa, kisha hatua nyingi hakuna kitu, kisha matano yamerundikana. Nyinyi majirani mkaliita shamba la Kibogoyo. Mlicheka mkashika mbavu, na wengine mlipitia njia ya mbali ili mlione vizuri, na leo mmevaa nyeusi na kushika vitambaa, haya, karibuni.

Baada ya hapo hakupanda tena. Alirekebisha. Alibadilisha diski, akawa anazipima kwa kuchomeka vipande viwili vya karatasi ngumu katikati yake, akavisogeza mpaka vikwame, akaridhika, kesho akapima tena. Alibadilisha cheni, bushi, mabomba ya mbegu na magurudumu ya kufukia, akafunga taa ndogo inayowaka kila mbegu inapopita, akaipiga rangi mara tatu. Beringi zilikaa kwenye bakuli la mafuta ya taa juu ya meza ya chakula, na blanketi tulilowapa siku ya harusi likawa la kuifunika planta isipate vumbi, wenye nyumba wakajifunika shuka. Kila mvua zilipokaribia dada yangu alimuuliza, naye alijibu, "Bado kidogo," akiongeza kwamba kawia ufike, na dada akachukua jembe akapita kando ya mashine ile iliyong'aa kama bibi harusi, akaenda kuinama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, waliosema hawakujua kwamba huumiza na migongo, na asiyeamini amtazame mjane alivyokaa.

Nilimdharau, na sitasema vinginevyo kwa kuwa amelazwa kwenye sanduku. Mtu mzima, mwenye mke na wajukuu, kuogopa punje za mahindi, kwa sababu majirani walicheka msimu mmoja, majirani ambao wenyewe hawajui hata kunyoosha uzi wa kupandia.

Moyo ulianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka jana, na tarehe 3 mwezi huu alilazwa. Mvua zilianza siku mbili baadaye. Dada yangu hakumuuliza mtu, alivuta blanketi, akamwita jirani mwenye trekta, binti yake akamimina mbegu na ule unga mkavu, wakaingia shambani, na kila baada ya kipande kifupi dada alishuka, akafukua udongo kwa vidole kuona mbegu imelala kina gani, kama alivyomsikia mumewe akihubiri mezani miaka yote. Walimaliza kabla ya jua kuzama.

Mahindi yalipochomoza alikwenda wodini akamwambia. Marehemu akauliza, "Na mapengo?" Dada akasema hakuna. Akasema, "Umetazama mistari yote, au ile ya barabarani tu?" Dada alikuwa ametazama ya barabarani tu. Akamwambia, "Mama, rudi ukatazame yote. Halafu uje uniambie." Mtu mwenye akili angefurahi na nusu ya habari, lakini huyu ndiye tuliyepewa. Dada alirudi shambani, na marehemu alifariki tarehe 27, asubuhi, yeye akiwa katikati ya mahindi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia alipotaka kukaza magurudumu ya kitanda chake, wafanyakazi wenzake wa ghala waliotuma gari, jirani mwenye trekta, ambaye peke yake katika kijiji hiki hakucheka, na majirani wengine pia, kwa kuja. Kaka za marehemu tunawaarifu kwamba matairi hayang'oki, planta itapanda tena msimu ujao na ni ya mjane.

Shemeji, dada yangu alipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya, na jibu lako alirudi nalo mkononi. Amenituma nikusomee, na jana jioni, kwa kuwa sikumwamini, nilikwenda mwenyewe nikapita mstari kwa mstari, viatu vyangu hivi vina udongo wake. Planta ilikuwa tayari, shemeji. Ilikuwa tayari miaka yote ile, mtu wa ajabu wewe, na dada yangu akiinama. Nimetazama yote, hata ile ya mbali.

Hakuna pengo. Sasa lala, upumzike.