Risasi Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Mbele ya duka la Verlin Stacy, pale anapouza chakula cha kuku, misumari na kamba, pana benchi la mbao ambalo kila asubuhi hukaliwa na wazee wale wale, na chini ya benchi pana kisanduku cha bati. Posta iko ng'ambo ya barabara. Sheria ya serikali hairuhusu mtu kuingia posta na bastola, na katika bonde la Pigeon Fork, huku Kentucky, mwanamume asiye na bastola kiunoni ni yule aliyeisahau kitandani. Kwa hiyo mtu akitaka barua zake huja kwanza benchini, huichomoa silaha yake taratibu, humkabidhi Verlin na kusema "haina kitu", Verlin akailaza kisandukuni, mwenyewe akavuka. Akirudi anaikuta, na kikombe cha kahawa kinamngoja. Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini bila tatizo. Lakini Alhamisi hiyo ya Novemba, ukungu ukiwa umeshuka kutoka milimani na kukataa kuondoka, kisanduku kilikuwa kimevutwa nje na kukaliwa na mtu mzima.

Aliyekikalia ni Clell, ambaye wenzake humwita Redio kwa sababu hazimiki. Kushoto kwake alikuwa Hobart, mwembamba, shemasi wa kanisa la Kibaptisti, na jina lake la benchini ni hilohilo, Shemasi. Verlin mwenyewe, Msumari, alikuwa anamimina kahawa kutoka kwenye chupa. Wa nne, Estil Maggard, alikuwa ndani ya posta, na kisa chote kilikuwa chake.

Estil wanamwita Mwalimu. Kwa miaka thelathini aliwafundisha watu wa bonde lile kushika bunduki bila kuuana, na hakuna mwindaji wa umri wa makamo pale ambaye hana pochini kikadi cha zamani chenye sahihi yake. Yeye hubeba Makarov, bastola iliyotumiwa na jeshi la Bulgaria kabla haijauzwa kwa mafungu huku Marekani, fupi, nzito, imejaa mikwaruzo ya mikono ya watu asiowajua. Aliinunua zamani kwa kuipenda tu. Alianza kuibeba baridi iliyopita, baada ya kumzika mkewe Wilma, pale wezi walipovunja mlango wa jikoni wakitafuta vidonge vya maumivu vya marehemu. Tangu siku hiyo hakuweza kukaa peke yake mwisho wa ile barabara ya kokoto bila kuuhisi uzito ule ubavuni.

Na sasa bastola ilikuwa inajijaza. Jumatatu, aliporudi kutoka posta, aliivuta sehemu ya juu nyuma kama anavyofanya kila anapopokea silaha, na risasi ikaruka kutoka chemba, nyuma ya mtutu. Yeye mwenyewe alikuwa ameitoa ndani ya pikapu kabla ya kushuka, akaiweka kwenye dashibodi. Alipokwenda kuangalia dashibodi, hapakuwa na kitu. Jumatano ikawa hivyohivyo. Jumamosi binti yake, Charlene, angekuja kutoka Cincinnati kuamua kama baba yake bado anaweza kuishi peke yake. Kama kasoro ni ya bastola, Estil angeiuza na mambo yangeisha. Kama kasoro haikuwa ya bastola, hakutaka kuifikisha mwisho fikra hiyo hata kimoyomoyo.

Ndiyo maana leo aliipaka risasi ile rangi nyekundu ya kucha, kutoka kichupa cha Wilma kilichobaki kabatini, ili aitambue. Aliwaambia wenzake kwamba ameiacha garini, akasema haina kitu, akavuka.

Aliporudi, Redio alinyanyuka kama mtu anayetoka kwenye kiti cha daktari wa meno.

— Nimekikalia tangu alipovuka, alisema. Makalio yamekufa ganzi. Hakuna mkono uliopita hapa.

— Hata wako? aliuliza Shemasi.

— Wangu umeshika kikombe, we huoni?

Estil aliinama, akafungua, akaichukua Makarov yake. Bati lilikuwa na joto la Redio lakini chuma kilikuwa baridi. Alielekeza mtutu ardhini, akavuta nyuma. Risasi iliruka, ikaanguka kwenye mbao za baraza, ikabingirika hadi kwenye kiatu cha Verlin. Ilikuwa nyekundu.

Hakuna aliyeiokota. Ng'ambo, taa ya posta ilionekana kama doa tu ndani ya ukungu, na mvuke wa kahawa ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa chupa ambayo Verlin alisahau kuifunga. Estil aliogopa, na aliona haya kugundua kwamba chini ya hofu ile palikuwa na furaha. Sasa wameona wenyewe.

Shemasi ndiye aliyeanza. Yeye tangu zamani alikuwa anamsema Mwalimu kwa kubeba kitu cha makumbusho wakati madukani zimejaa bastola nyepesi za plastiki zinazobeba risasi mara mbili ya hiyo. Alisema springi ya umri ule imechoka, inaruka yenyewe ndani ya sanduku na kuipakia risasi. Estil alimjibu kwamba springi ikichoka inalegea, haipati nguvu, na kwamba hii yake inahitaji mkono wa mtu mwenye nia. Tena risasi ilikuwa garini. Springi gani inatoka kisandukuni, inavuka maegesho na kufungua mlango wa gari?

— Si springi, alisema Redio. Ni mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

— Yule askari. Nyie fikirieni. Mtu anapewa bastola hiyo, anapandishwa kwenye mnara mpakani, anaambiwa ngoja, adui anakuja. Anangoja mwaka. Anangoja kumi. Adui haji. Anazeeka, bastola inatumbukizwa kwenye grisi, inafungwa kwenye karatasi, inapelekwa ng'ambo. Nani alimwambia yule mtu kwamba kazi imekwisha?

— Redio, acha hizo.

— Nauliza tu. Nani alimwambia? Hakuna. Basi bado yuko zamu. Na askari aliye zamu haachi silaha yake tupu.

Verlin alicheka kidogo, lakini Estil hakucheka. Alikaa benchini, bastola mapajani, na mambo ambayo hakumwambia mtu tangu Septemba yakaanza kumtoka moja baada ya jingine. Aliwaambia kwamba kuna asubuhi anaamka na kuzikuta buti zake mlangoni zimelowa umande, na yeye hakutoka. Kwamba mlango wa jikoni, anaoufunga kwa makomeo mawili tangu wizi ule, huukuta wazi. Kwamba kiti chake cha sebuleni, ambacho kwa miaka arobaini kimetazama jiko la kuni, hukikuta kimegeuzwa kuelekea dirishani, kinatazama barabara. Aliyasema haya kwa wepesi, karibu kwa shangwe, maana kila alipoongeza moja, askari wa Redio alizidi kuwa mtu wa kweli, na yeye Estil alizidi kuwa mzima.

— Si nimewaambia, alisema Redio, sasa naye ameshusha sauti. Anafanya doria. Anavaa buti zako kwa sababu zake zilibaki kwao.

— Na kiti?

— Mnara huo, Shemasi. Amejitengenezea mnara.

Shemasi aliacha kupuliza kahawa yake. Alipendekeza waiombee nyumba nzima, chumba kwa chumba, na akaahidi kuja na mchungaji. Redio alisema mchungaji wa Kentucky atamwambia nini Mbulgaria, hata lugha hawaelewani. Kisha akaingia kwenye nadharia nyingine, kwamba risasi na bastola zimetoka kiwanda kimoja, zimekaa gizani pamoja miaka mingi, zinatafutana hata ukizitenga kwa kuta mbili. Estil alimsikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza.

— Kuna na vikombe, alisema Estil. Mara mbili nimekuta vikombe viwili mezani. Kimoja changu.

— Na cha pili kilikuwa na nini? aliuliza Verlin.

— Kahawa. Ya maziwa, sukari mbili.

Verlin aliitazama barabara. Bonde zima linajua Estil hunywa kahawa nyeusi.

— Mwalimu, alisema polepole. Wilma alikuwa anakunywaje?

Estil alijua: hivyohivyo, maziwa na sukari mbili. Redio alikuwa tayari amelidaka jambo hilo, anasema basi wako wawili mle ndani, askari na marehemu, wanakunywa kahawa pamoja huku mwenye nyumba amelala, na labda Wilma ndiye anayemkumbusha askari ajaze risasi, kwa vile alikuwa mwanamke mwenye wasiwasi. Shemasi alimwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza alimaanisha.

Hapo ndipo Janine Pratt alipojitokeza kutoka ukunguni. Ni karani mpya wa posta, ana wiki tatu tu pale, na saa ya mapumziko huvuka kuja kupata kahawa ya Verlin. Mkononi alikuwa na miwani.

— Hamjambo wazee. Mzee Estil, umeisahau hii kwenye kaunta tena.

Estil aliipokea, akashukuru. Redio, aliyefurahi kupata sikio jipya, alimsimulia yote tangu Jumatatu, akimwonyesha ile risasi nyekundu ambayo bado ilikuwa chini karibu na kiatu. Janine alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakucheka wala hakushangaa.

— Asubuhi hii nani aliipokea kutoka kwake? aliuliza.

— Mimi, alisema Verlin. Nikaitia kisandukuni.

— Uliangalia ndani?

Verlin alitazama mikono yake mikubwa.

— Alisema haina kitu, Verlin alijibu.

— Najua. Lakini uliangalia?

— Dada, huyu ni Mwalimu. Huyu ndiye aliyetufundisha kuangalia.

Na ni kweli, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Silaha ya mtu mwingine yeyote Verlin angeivuta nyuma na kuchungulia chemba kabla ya kuilaza, na mwenyewe asingeona vibaya, maana somo la kwanza la Estil lilikuwa kwamba anayepokea ndiye anayeangalia. Lakini kuichungulia ya Estil mbele ya macho yake ingekuwa kumtukana. Jumatatu hakuna aliyeangalia, Jumatano hakuna, na leo, siku ya jaribio lenyewe, walikikalia kisanduku, wakalinda kila upande, na hakuna aliyeangalia.

Estil aliirudia asubuhi yake. Aliikumbuka vizuri sana. Aliiona risasi kiganjani, rangi ya Wilma iking'aa, aliuona mkono wake ukiiweka kwenye dashibodi, na jua la asubuhi likiipiga kupitia kioo. Alilishikilia jua hilo akilini kwa nguvu. Kisha akainua macho, akautazama ukungu ambao tangu alfajiri haukuruhusu hata mwali mmoja wa jua.

Kama mkono wake mwenyewe uliichukua risasi na kuirudisha chemba, basi buti zilizolowa ni za nani? Nani amekuwa akishuka barabarani gizani? Nani amekuwa akitia maziwa kwenye kikombe cha mwanamke aliyezikwa Februari, halafu akakaa kwenye kile kiti, uso dirishani, akimngoja mtu yeyote atakayepita langoni? Estil hakumwogopa tena yule askari. Alitamani sana awepo.

Janine alikuwa amechuchumaa mbele yake, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na baba yake.

— Na nyumbani, mzee? Nyumbani nani anaangalia?

Verlin, polepole, alinyoosha mkono na kuichukua Makarov kutoka mapajani mwa Estil, akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akaivuta nyuma, akachungulia chemba kwa muda mrefu, kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na miwili. Estil alimwacha. Alikuwa anamfikiria Charlene, ambaye huja bila kupiga simu, huegesha gari chini langoni ili kuokoa matairi, na kupanda kwa miguu mpaka mlangoni.

— Ziko nne, Estil alisema.

— Nini ziko nne, Mwalimu?

— Bunduki. Nyumbani. Tatu najua zilipo. Ya nne sikumbuki nimeiweka wapi. Naombeni twende sasa hivi, mnisaidie kuitafuta kabla mwanangu hajafika.