Siku Sumaya Alipomuuliza Mama Yake Jina

Wasikilizaji wapendwa, popote mulipo hapa Bujumbura, karibuni tukae pamoja. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Sumaya binti Aboubacar, afisa wa huduma za jamii, aliyetutoka juma lililopita kwa malaria. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Kusema kweli, mimi ningependa ibaki hivyo. Ningesema alikuwa mwema, tukaomba dua, basi. Lakini marehemu aliacha wasia. Alimwambia mama yake: "Nikikufa, watu wasinisifu kabla hawajasema ile ya Buterere."

Haya, tunaisema. Mnivumilie, maana mdomo wangu leo ni mzito.

Mwaka tisini na tano, wakati wa vita, nyumba yao ya Gasenyi ilichomwa moto. Baba yake, fundi magari, aliuawa siku hiyo hiyo. Sumaya na mama yake wakakimbilia Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, wakaishi chini ya shitingi, yale maplastiki waliyogawiwa wakimbizi. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mpaka chini ya mkeka. Mama akauza ndagala, dagaa wa ziwani. Na kwa ndagala hizo Sumaya akaingia chuo kikuu kusomea utawala wa serikali na huduma za jamii. Narudia, wapendwa: aliyesomea kuhudumia wakimbizi alikuwa mkimbizi mwenyewe.

Lakini chuoni hakuna aliyejua. Chuoni alisema anakaa Kigobe, mtaa wa wenye nacho, kwa shangazi. Shangazi gani? Hakuwa na shangazi. Asubuhi alitoka Buterere miguu mitupu, viatu ndani ya mfuko, akanawa miguu kwenye bomba karibu na chuo, ndipo akavaa.

Olga Namegabe, aliyekimbia vita Bukavu, alisoma naye darasa moja. Aliniambia: "Sumaya alikuwa anavaa kutushinda sisi wote. Mi nilikuwa namuonea wivu na ile Kigobe yake. Kumbe!"

Sasa fuateni vizuri. Mwaka tisini na nane, mwalimu wao alisema vitabu vimetosha, twendeni tukajifunze kuuliza watu. Wakapanda basi. Basi likashika njia ya kaskazini, likakata kona, likaingia Buterere.

Mwalimu alikuwa na kanuni zake. Salimia. Kaa. Uliza jina, uliza watoto. Usilie, usiahidi kitu. Wanafunzi wakagawanywa wawili wawili, shitingi moja kwa watu wawili. Sumaya na Olga wakaonyeshwa ya kwao. Mmeshajua ilikuwa ya nani.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua ndagala. Anakumbuka viatu. "Ilikuwa mara ya kwanza kumuona na viatu mu matope yetu," anasema.

Sumaya angeweza kusema, Olga, huyu ni mama yangu. Maneno hayo tu. Hakuyasema. Alikaa, akashika kalamu, akauliza: "Jina lako nani, mama?"

Wapendwa, Buterere nzima ilimwita mama huyu Mama Sumaya. Tangu amzae binti yake hakuna aliyemwita vingine, hata mumewe. Akamtazama Olga. Akamtazama binti yake. Akajibu: "Fatouma."

"Una watoto wangapi?"

"Sina. Sina mutoto."

Aibu, jamani. Hata mimi ninayesimulia natamani kuinama chini ya meza hii.

Nilimuuliza mama, kwa nini ulijibu hivyo? Alinishangaa. "Niliona anaogopa. Mutoto akiogopa, mama anamuficha. Sasa ningemuficha wapi pale? Nilimuficha mu mudomo."

Kesho yake mwalimu alimsimamisha Sumaya mbele ya darasa. "Tazameni huyu. Hakutetemeka. Hivyo ndivyo afisa anavyouliza." Wakampigia makofi. Olga naye alipiga. Jioni Sumaya alirudi Buterere, akamkuta mama amemuwekea ugali wake. "Bora angenitukana," Sumaya alikuwa akisema.

Alipokaribia kutetea tasnifu yake, alimwomba mama aje. Mama akakataa. "Apana. Wenzako watanitambua. Watasema, si ni yule asiyekuwa na mutoto?" Sumaya akaenda peke yake, ameapa moyoni kwamba safari hii atasema. Na nafasi ikaja. Mwalimu mmoja alimuuliza alijifunza wapi kusikiliza watu vizuri hivyo. Sumaya akafungua mdomo. Akasema: "Kwa mazoezi, monsieur."

Mara ya pili hiyo.

Alipoajiriwa ndipo alipolipasua jipu. Siku alipoletewa wanafunzi wa mazoezi, alimshika mama mkono, akamkalisha kwenye kiti chake cha ofisi. "Huyu ni mama yangu. Mi nilimuuliza jina lake kama simujui." Kila wakija wapya, hivyo hivyo, mpaka mama akachoka. "We Sumaya, acha kunianika kama ndagala!" Wanafunzi wakicheka, Sumaya naye anacheka, macho yamejaa maji. Lakini lile swali la watoto hakuliuliza tena maishani. Alimwachia mwenzake, yeye akatoka nje.

Juzi, matanga hayajaisha, Asiya wa ofisi ya komini alikuja kuandikisha kifo. Asiya alifundishwa kazi na Sumaya. Alivua viatu, akasalimia, akakaa mkekani. Akafika kwenye lile swali.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Mumoja."

Asiya akainamisha kichwa. "Mama, wanataka walio hai."

"Nimesikia. Kuko siku nilisema sina, na alikuwa amekaa mbele yangu. Sitasema tena. Andika mumoja."

Asiya akaandika mmoja.

Wasikilizaji wapendwa, aibu hii si ya Sumaya peke yake. Nani alimfundisha msichana kwamba matope ya Buterere ni ya kufichwa? Ni sisi, tunaopita njia ile na kupandisha vioo vya gari. Leo ukifika nyumbani, jiulize ni nani wako unayepita barabarani ukijifanya humjui. Kisha kesho umsalimie, watu wakiona.

Na wewe, mama, uliyekaa mkekani huko Buterere: Mungu akupe subira, na Sumaya amlaze pema. Sisi sote wa redio hii tunakupa pole, na tunakuita mbele ya mji mzima kwa jina lako.

Pole, Mama Sumaya.